Mashine Imara ya Kukatia Majani na Matawi: Tuchague Ipi?

(Mada iliyotolewa kwa kamati za parokia na wafadhili, Morogoro)



Tumeombwa tueleze namna ya kuchagua mashine ya kukatakata majani na matawi kwa matumizi ya nyumbani. Kwa macho ni jambo dogo, lakini linagusa mfuko wa familia na vidole vya watoto wetu.

Kwanza, tujue kazi yenyewe. Kwetu Uluguru tawi nene ni kuni. Hakuna mama atakayelikatakata. Kinachohitaji mashine ni majani ya tembo, mabua ya mahindi na vitawi vya lukina, kwa ajili ya mboji na malisho ya mbuzi wa maziwa. Mbuzi hao wenye asili ya Norwei walifikishwa Mgeta miaka ya 1980 kwa juhudi za watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kwa mbuzi wawili watatu, mashine ya gurudumu la kuzungushwa kwa mkono inatosha. Ya injini hudai mafuta, mkanda na fundi, na vyote hivyo hupandishwa mlima.

Pili, tuangalie visu. Viwe vya chuma kigumu, kama cha springi za gari, na vifungwe kwa bolti, visichomelewe, ili vifunguliwe na kunolewa. Nafasi kati ya kisu kinachozunguka na kile kilichotulia iwe finyu, tena iweze kurekebishwa. Ikipanuka, majani hutafunwa badala ya kukatwa, na mkono huchoka bure.

Tatu, beringi ziwe za saizi inayopatikana madukani Morogoro mjini. Rahisi ghali: mashine isiyo na vipuri ni chuma chakavu cha kesho.

Nne, usalama. Mdomo wa kulishia uwe mrefu, vidole visifikie visu. Gurudumu liwe na kifuniko, na pini ya kulifunga kazi inapokwisha. Mashine isiyo na haya tusiipokee hata ikitolewa bure.

Mwisho, tukumbuke mwaka 1955. Hapa Uluguru wakulima walikataa matuta ya ngazi waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni, hata ghasia zikazuka Matombo. Matuta yalikusudiwa kuzuia mmomonyoko, lakini aliyebebeshwa kazi hakuulizwa. Basi wafadhili wetu, kabla ya kutoa fedha, mashine ijaribiwe kwanza na akina mama wanaokata majani kila siku. Waizungushe saa nzima. Wakisema haifai, tuwasikilize. Nazo kamati ziamue mapema nani atanoa visu na nani atatunza fedha za vipuri.