Majina ya Waliobeba
(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika na wafadhili, Songea)



Shuleni tulifundishwa kwamba mwaka 1866 David Livingstone alitoka Mikindani, akafuata bonde la Ruvuma hadi Ziwa Nyasa. Hapakuwa na barabara. Palikuwa na vijia vya miguu, na penye pori zito njia ilifyekwa kwa shoka.

Tarehe 1 Mei 1873 alifariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake pale pale, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, kisha wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, ofisa Mwingereza aliwashauri wamzike hapo. Walikataa. Mbele ya safari wenyeji walizuia maiti kupita, nao wakaufunga mwili kama mtumba wa nguo, wakaendelea. Walifika Bagamoyo Februari 1874.

Livingstone alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Kati ya waliombeba kutoka kwa Chitambo, mmoja tu, Jacob Wainwright, alikuwepo mazishini.

Ndugu zangu, nayasema haya kwa sababu ya ripoti zetu. Mwaka jana lori la mabomba ya maji liliishia mtoni. Akina mama na vijana wa mtaa ule wakayabeba kichwani na mabegani kwa siku nne. Ripoti niliyoandika mimi ilitaja mabomba, saruji na gharama ya lori. Waliobeba hawakutajwa. Matokeo yake, usharika ule ukaambiwa kwamba mchango wa wananchi haujatimia. Mzee mmoja akaniuliza, "Mratibu, kumbe sisi tulikuwa punda?" Sikuwa na jibu. Kosa lilikuwa langu, na nimewaomba radhi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kila kamati iwe na daftari la nguvu kazi: jina la mtu, mzigo aliobeba, umbali na siku. Nanyi wafadhili, likubalini daftari hilo kuwa mchango halali kama fedha taslimu.

Bomba halikufika kule kwa miguu yake. Waliolifikisha wana majina, na tuyaandike.