Kibali cha kumwinda tembo wa mpakani

Msikilizaji, tembo dume akiwa Amboseli, Kenya, hakuna mwenye ruhusa ya kumwinda. Uwindaji ulipigwa marufuku huko mwaka 1977. Akifuata malisho hadi Enduimet, wilayani Longido, yuko Tanzania, ambako sheria inaruhusu auawe kwa kibali.

Baada ya madume wa Amboseli kuuawa upande wa Tanzania mwaka 1994, wawindaji walikaa mbali na ukanda huo wa mpakani kwa karibu miaka 30. Kati ya 2023 na 2024 risasi zikasikika tena. Waliolengwa ni wazee wenye pembe ndefu zinazokaribia kugusa ardhi. Hao ndio ambao majike huwapendelea, na ndio ambao madume vijana huwafuata wajifunze maji yalipo.

Wanaotetea vibali wana hoja, tena nzito: jumuiya za hifadhi hutegemea fedha za vibali hivyo kulipa askari wa wanyamapori, na mfugaji anayekesha akilinda boma anastahili chake. Lakini dume huyo huyo huleta watalii mwaka hadi mwaka. Akipigwa risasi, hulipiwa mara moja tu. Dodoma na Nairobi ziketi, ziufunge ukanda huo kwa mkataba ulioandikwa, na vijiji vya Longido vifidiwe mapato vitakayokosa.