Mradi wa Mwanafunzi ni Amana



Mwaka 2020 shule za sekondari za Uganda zilianza mtaala mpya, na mtihani wa kwanza wa kidato cha nne chini ya mtaala huo ulifanywa mwaka 2024. Zamani mtihani wa mwisho ulikuwa hakimu wa pekee. Sasa huchukua sehemu 80 katika 100, na sehemu 20 hutokana na kazi za shuleni. Juu ya hayo, mwanafunzi hutakiwa kutimiza mradi: kuchagua tatizo la watu wake, kulichunguza, kutenda jambo la kulipunguza, na kuandika taarifa. Asiyeutimiza aweza kukosa cheti, hata kama mtihani ameufanya.

Jambo hili ni zito zaidi Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, ambayo leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo. Mtoto aliyeanza kusoma kwa Kifaransa hana budi kuandika kwa Kiingereza. Dhiki hiyo yaweza kumshawishi anunue kazi iliyokwisha pigwa chapa, atie jina lake juu. Dini imekataza ghushi sokoni. Ghushi ya daftari haikuruhusiwa. Tena, mwalimu akimwuliza aliyapataje hayo, atajibu nini?

Wala haja ya kununua haipo. Mvua huchukua udongo wa vilima vya Isingiro, maji huhitaji kuchemshwa, kuni huadimika. Mzee asiyejua Kiingereza aweza kueleza kwa Kiswahili shamba lilivyokuwa na lilivyo leo. Kijana na aandike maneno hayo pamoja na tarehe, apime, ahesabu, kisha ayageuze kwa Kiingereza akisaidiwa na mwalimu.

Yafaa jamaa wafungue madrasa jioni, wapatikane meza na taa, na vijana waliosoma Mbarara waje kusikiliza na kusahihisha. Lakini kumsaidia mtoto si kumwandikia. Akijaliwa kufika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, ataombwa utafiti wake mwenyewe. Na aliyezoea kuandikiwa atakwama huko, mbali na wazazi, mahali ambapo kukwama kuna gharama kubwa zaidi.

Wabillahi tawfiq.