Kusafisha Bustani Iliyomea Magugu

Leo nataka kusema nanyi habari ya kazi ndogo ambayo wengi wetu huiharibu kwa haraka, nayo ni kusafisha bustani ya mboga iliyoachwa ikamea magugu.

Mtu wa Kambarage, hapo Shinyanga, aangaliapo kiwanja cha nyuma ya nyumba yake mwezi wa Oktoba, huona majani makavu yamfikayo kifuani, na mara hutafuta kiberiti. Moto ni mfanyakazi mwepesi, lakini ujira wake ni mkubwa. Huteketeza majani ambayo yangalioza yakawa mbolea, na udongo hubaki uchi. Mvua za kwanza zinaponyesha, huuchukua udongo wa juu, ambao ndio chakula cha mboga, hata korongoni.

Nchi hiyo imekwisha kulipa ujira wa namna hiyo. Katika miaka ya 1920 na 1930 misitu mingi ya Shinyanga ilikatwa ili kuwafukuza mbung'o, waletao malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Mbung'o wakapungua, watu wakapata mashamba na malisho. Lakini miti ikazidi kukatwa kwa ajili ya pamba, kuni na makaa, na mifugo ikaongezeka, hata akina mama wakalazimika kufuata kuni mbali. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Watu wakairudia desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili: kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ipate kuota, na kuingiza mifugo wakati wa kiangazi. Miti ikarudi. Kosa lile la nchi nzima laweza kutendeka hata katika bustani ya hatua ishirini.

Basi tufanyeje? Kwanza, pigapiga majani kwa fimbo ndefu, nyoka waondoke. Kisha fyeka. Majani yasiyo na mbegu yaweke kando, yatafunika matuta. Yenye mbegu yafukie katika shimo refu.

Pili, jihadhari na ndago. Ukiikata juu tu, umeipogoa. Chini ina viazi vidogo vilivyoungana kama shanga uzini, na jembe likivitawanya, kila kimoja chaweza kuwa mche. Ngoja mvua ilainishe udongo, uvichimbe, uviokote kwa mkono, uvianike juani hata vikauke kabisa. Rudia kazi hiyo kila ichipuapo; atakayechoka mapema atashindwa.

Tatu, using'oe kila kitu. Mlenda na mgagani uliojiotea ni mboga, na mti mchanga ulio pembeni ni kivuli cha kesho.

Nne, inua matuta yakingamayo mteremko, utie samadi iliyooza. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, basi zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzimwage. Panda na kunde. Majani yake huanikwa, yakawa akiba ya miezi ya njaa.

Wasikilizaji wangu, bustani safi si bustani tupu. Mwenye kusafisha kwa akili huondoa kinachomdhuru, akaacha kinachomlinda. Kwaherini, na Mungu awajalie mvua njema.