Dhahabu Inapoitawala Nuru: Mhadhara wa Umma



Huku Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, ambako biashara ya dhahabu ni mojawapo ya nguzo za maisha, hata mtoto anajua kwamba dhahabu ni ya manjano, kwamba thamani yake hujulikana kwa mizani, na kwamba kipande kikipungua faida nayo hupungua. Hoja yangu leo ni kwamba kuna udogo ambao dhahabu ikiufikia huiacha rangi yake, ikaitawala nuru, ikapata thamani isiyosomeka katika mizani ya sonara yeyote.

Mwaka 1857 Michael Faraday, mwanachuoni wa Uingereza, alieleza kwamba wekundu wa maji aliyoyatengeneza kwa dhahabu ulitokana na chembe za dhahabu yenyewe, ndogo hata hadubini za zama zake zisiweze kuzionyesha. Na mwaka 1908 Mjerumani Gustav Mie akalifanyia jambo hilo hesabu kamili. Sababu ni hii: ndani ya metali kuna elektroni zilizo huru, na katika chembe yenye upana wa nanomita 40, ambayo zingehitajika kama elfu mbili kutimiza upana wa unywele mmoja, wimbi la nuru huzikumba elektroni hizo zote kwa pamoja, zikayumba mithili ya maji katika beseni linalotikiswa. Nuru ya kijani, yenye wimbi la nanomita 520 na ushei, ndiyo inayoafikiana na myumbo huo, basi humezwa, na nyekundu ikaachwa ipite. Tena, kando ya chembe nuru hukusanyika mahali padogo mno kuliko wimbi lake, jambo ambalo lenzi ya kawaida haiwezi. Na chembe mbili zikikaribiana, nuru iliyo baina yao huzidi nguvu kupita kiasi.

Ushahidi tunao katika vituo vyetu vya afya. Tone la damu ya kidole hutiwa juu ya ukanda wa kipimo cha haraka cha malaria, yakafuata matone ya dawa. Chembe, aghalabu za dhahabu, zilizovikwa kingamwili, huchukuliwa na maji hayo, zikaikamata protini ya kimelea, zikanaswa kwa wingi penye mstari mmoja, na baada ya dakika 15 au 20 mstari huo huonekana mwekundu, pasipo umeme wala hadubini.

Tulionja uzito wa jambo hili wakati wa Ebola, iliyotangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Homa ya malaria ilifanana mno na mwanzo wa Ebola, hata Novemba 2018 dawa za malaria zikagawiwa Beni nyumba kwa nyumba. Lakini mstari mwekundu uliithibitisha malaria tu, wala haukumtoa mgonjwa katika shaka ya Ebola. Na chembe zikiwa chache, jicho halioni kitu.

Hapo ndipo ilimu hii inapotudai juhudi. Mwaka 1974, huko Southampton, madini ya fedha yenye uso uliofanywa usiwe laini yalidhihirisha nuru hafifu ya molekuli zilizoyagusa, na miaka mitatu baadaye ikabainika kwamba nuru hiyo ilikuzwa mara laki kadhaa, hata milioni. Njia hiyo, inayotumia myumbo uleule wa elektroni, inaweza kusoma kile ambacho jicho limeshindwa kukiona. Kwa hiyo nasema kwa yakini: nchi inayochimba dhahabu kwa jembe na jasho haina udhuru wa kuwaachia wengine fizikia ya chembe zake; na ifundishwe hapa, katika maabara zetu, kwa vijana wa Butembo na Beni.