"Joto Lilikuwepo Tangu Zamani": Tuelewane Kuhusu Mawimbi ya Joto

Haya ndiyo niliyosema Ijumaa kwenye mjadala wa wanafunzi. Wengi mliyaomba, basi nayaweka hapa.

Msimu wa siasa kuna kauli mbili hunichosha. Ya kwanza: "Joto lilikuwepo hata enzi za babu zetu." Ya pili: "Hii ni tabianchi, serikali ingefanya nini?" Kila moja ina ukweli kidogo, na hapo ndipo tunanaswa.

Tuanze na ya kwanza. Ni kweli, wimbi la joto si jambo geni. Hewa nzito hukaa juu ya eneo moja, inashuka, inabanwa na kupata moto. Mawingu hayajengeki, jua linachoma siku baada ya siku. Udongo ukishakauka, hakuna tena maji ya kugeuka mvuke, kwa hivyo nguvu ya jua inaishia kupasha hewa. Babu aliyaona haya yote.

Kilichobadilika ni pale tunapoanzia. Watu wa Pwani mtanielewa: maji yakiwa yamekupwa, wimbi halifiki popote. Yakijaa, wimbi lile lile linaingia mpaka mlangoni. Sasa moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi ndio umejaza maji. Ripoti ya IPCC ya 2021 inasema joto kali lililokuwa likitokea mara 1 kwa miaka 10 kabla ya enzi ya viwanda, dunia ikiongeza nyuzi 1 hutokea kama mara 2.8. Ikiongeza nyuzi 1.5, mara 4.1. Kwa hivyo usiulize tu kama ni tabianchi. Uliza imeongeza uwezekano kiasi gani.

Sasa ya pili. Machi 2024 majirani zetu wa Sudan Kusini walifunga shule kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45. Lakini mtoto ukimtoa darasani, anaenda nyumba gani?

Mimi nimelelewa Garissa, chumba cha mabati. Usiku mama alikuwa anamwaga maji sakafuni ndio tulale. Mwili usipopoa usiku, moyo unaendelea kufanya kazi ya ziada, na wazee na watoto wachanga ndio huumia kwanza. Mdogo wangu hadi leo anasomea darasa la mabati lisilo na dari.

Dari ni bajeti. Miti ya kivuli ni bajeti. Maji ya mfereji na saa za kazi za vibarua ni maamuzi ya watu tunaowapigia kura. Tabianchi inaeleza kwa nini joto limepanda. Haielezi kwa nini darasa halina dari.

Mgombea akija kwenu, awe wa upande wowote, muulizeni hilo. Akijibu "ni tabianchi," mwambieni: sawa, tumeelewa, na dari je?

Maswali karibuni hapa chini.