Jina Moja, Bakteria Tofauti: Vinasaba vya Moraxella na Ugonjwa wa Macho wa Ng'ombe



1. Utangulizi

Majibu ya maabara yakirudi na kusema "Moraxella imeonekana", wengi wetu huona kazi imekwisha. Hoja yangu ni kwamba hapo tumepata nusu ya jibu. Bakteria wawili wanaoitwa kwa jina hilohilo wanaweza kutofautiana vinasaba kiasi kwamba mmoja anatoboa jicho na mwingine anaishi puani mwa ng'ombe bila kumdhuru.

2. Ugonjwa wenyewe

Dalili tunazijua. Ng'ombe anafumba jicho juani, machozi yanachuruzika na kuacha mchirizi shavuni, nzi wanajaa. Ukilitazama jicho kwa karibu unaona kidonda kidogo katikati ya konea, yaani kile kioo cha mbele. Baada ya siku kadhaa jicho zima linakuwa jeupe, na mishipa ya damu inaota kutoka pembeni kuelekea kwenye kidonda. Wengi hupona na kubaki na kovu. Wachache jicho hupasuka.

Hapa tuwe waangalifu tusichanganye magonjwa mawili. Katika ugonjwa wa nyumbu weupe huanzia pembeni mwa konea, kwa kawaida macho yote mawili, na ng'ombe ana homa kali. Ukungu wa Moraxella huanzia kwenye kidonda, na mara nyingi ni jicho moja kwanza.

3. Silaha mbili za Moraxella bovis

Silaha ya kwanza ni nyuzi nyembamba za kujishikizia, ambazo bila hizo machozi na kope zingemfagia bakteria. *Moraxella bovis*, bakteria anayesababisha ugonjwa huu, ana namna mbili za nyuzi hizo, na hubadilisha moja kwa nyingine kwa kugeuza kipande cha DNA chenye jozi za besi takriban 2,000. Kipande kikielekea upande huu, anatengeneza nyuzi zinazomsaidia kushika konea. Kikigeuka, anatengeneza nyingine. Isitoshe, nyuzi za bakteria mbalimbali zimegawanywa katika makundi saba kwa jinsi kingamwili zinavyozitambua. Ng'ombe aliyepata kinga dhidi ya kundi moja hana hakika ya kukingwa dhidi ya jingine.

Silaha ya pili ni sumu inayotoboa seli za konea na chembe nyeupe za damu. Chembe hizo zikipasuka humwaga vimeng'enya vinavyozidi kuila konea. Sumu hii huonekana hata kwenye sahani ya maabara yenye damu: pembeni mwa kundi la bakteria wenye sumu damu inayeyuka na kuacha duara angavu. Wasioacha duara hilo hawasababishi kidonda cha jicho.

4. Wa machoni na wa puani

Mwaka 2007 watafiti wa California walieleza spishi mpya, *Moraxella bovoculi*, iliyotoka kwenye macho ya ndama wagonjwa. Kwa kuwa ilionekana mara kwa mara machoni, ilishukiwa haraka. Lakini mwaka 2013 lilichapishwa jaribio ambamo ndama walikwaruzwa konea na kuwekewa bakteria: waliopata *M. bovis* waliugua, waliopata *M. bovoculi* hawakuugua.

Mwaka 2016 watafiti wa kituo cha serikali ya Marekani cha utafiti wa mifugo ya nyama, kilichopo Clay Center, Nebraska, walisoma jenomu za *M. bovoculi* kutoka sehemu mbili: macho ya ng'ombe wagonjwa, na ndani kabisa ya pua za ng'ombe wasio na dalili. Yalijitokeza makundi mawili yaliyoachana sana. La kwanza, ambalo ndilo la machoni, lina jeni za sumu. La pili, la puani, halina. Kazi yao ya mwaka 2018 ilionyesha pia kwamba *M. bovoculi* hupeana vipande vya vinasaba na spishi jamaa zake.

Kwa hiyo swabu ya pua haisemi lolote la uhakika kuhusu jicho, na kipimo cha spishi peke yake hakitenganishi mwenye silaha na asiye nayo.

5. Chanjo

Tofauti hizi za vinasaba zinasaidia kueleza kwa nini chanjo za ugonjwa huu zimewavunja moyo wafugaji. Chanjo kadhaa, zikiwamo za *M. bovoculi* na zile zinazotengenezwa kwa bakteria wa shamba husika, zilipopimwa kwa majaribio yenye kundi la kulinganisha hazikuonyesha faida ya wazi. Si sababu pekee, kwani nzi, vumbi, majani makavu na jua kali navyo huumiza konea na kufungua njia.

6. Mapendekezo

(i) Swabu ichukuliwe machoni, mapema wakati machozi bado ni maji, kabla ya dawa, na ifike maabara ikiwa baridi.

(ii) Maabara ziandike kama bakteria anayeyusha damu, na zenye uwezo wa PCR zitafute jeni ya sumu. Bakteria wahifadhiwe ili wasomwe vinasaba.

(iii) Tiba isisubiri majibu. Oksitetrasaiklini ya muda mrefu, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, bado inafaa. Siku za kutouza maziwa na nyama ziheshimiwe. Mfugaji akatazwe kumwaga chumvi jichoni.

(iv) Wagonjwa watengwe na nzi wadhibitiwe.

(v) Tusinunue chanjo kwa kusoma jina la bakteria kwenye lebo tu. Tudai ushahidi kwamba inakinga dhidi ya bakteria walio kwenye macho ya ng'ombe wetu.